Viboko Waliokataa Kutembea

Nilikuwa barazani nachambua maharage simu ilipoita, na upande wa pili alikuwa Neema, binti mkubwa wa Bonifasi. Alisema baba yao amefariki alfajiri na mazishi ni Jumamosi, Singe, pale pale shambani kwao. Neema ni mwalimu mkuu sasa, mtu mzima mwenye miwani, lakini huniita shangazi ingawa mimi na baba yake hatukuwa ukoo mmoja. Tulikutana kazini tu. "Shangazi, njoo," aliniambia, "na utuhadithie ile ya viboko. Baba alikuwa akiianza anacheka mpaka anashindwa kuimaliza." Nilimwahidi kwamba nitakuja. Simu ilipokatika nilibaki na ungo mapajani, na nikakiri moyoni kwamba naiogopa hadithi ile kuliko ninavyouogopa msiba wenyewe.

Yote yalitokea katika mwaka mmoja, katikati ya miaka ya themanini, wakati nchi nzima ilikuwa kwenye foleni. Manyara haikuwa mkoa bado, tulikuwa chini ya Arusha, na Babati ulikuwa mji mdogo wa vumbi wenye duka la ushirika lililojaa rafu tupu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka chuo cha uhazili, nikaajiriwa kuwa karani wa masjala na mpiga chapa katika mradi wa kilimo. Nilipanga chumba Nangara kwa mama mmoja mjane, Mama Safari. Kilikuwa na kitanda cha kamba, dirisha la mbao lisilo na kioo, na ukuta wa udongo mwembamba kiasi kwamba nilijua jirani amekasirika kabla mumewe hajajua. Tulikula makande, au ugali wa ule unga wa njano wa msaada, ambao watu waliusema vibaya mpaka sufuria ikaisha. Siku njema alikuwepo perege wa ziwani. Chai tuliinywa bila sukari. Mama Safari alikuwa na peremende chache alizozificha ndani ya kopo la dawa ya mswaki, na asubuhi alitugawia moja moja kwa heshima kama padri anavyogawa komunyo. Unaiweka shavuni, unapitisha chai juu yake, halafu, kama una akili, unaitema na kuitunza kwa kikombe cha pili. Mimi sikuwa na akili hiyo. Hadi leo nikiona mtu anajaza vijiko vitatu vya sukari kwenye chai bila kufikiri, namtazama kwa jicho baya, na najua ni wivu wa binti yule.

Asubuhi wanawake walizungumza juu ya ua wa minyaa wakidhani bado nimelala. "Mama Safari, huyu mpangaji wako ndiye anayekaa na ile mashine?" "Ndiye." "Wanasema inahesabu mahindi ya watu hata kabla hayajavunwa." "Inahesabu," alijibu Mama Safari, "ila sabuni haileti." Nilijifunika kanga usoni nikacheka. Nilijivuna pia, siwezi kuficha. Wenzangu niliosoma nao chuoni walikuwa wanagonga mashine za chapa zenye utepe uliochakaa, huku mimi nalala Nangara na asubuhi nakwenda kukaa mbele ya kompyuta.

Zilikuwa mbili, za mezani, zimeingia nchini kwa kibali ambacho nasikia kilikuwa kinene kuliko kitabu cha maelekezo yake. Ziliwekwa katika chumba kilichokuwa stoo ya mbegu, na harufu ya dawa ya kuhifadhia mahindi haikutoka humo hata siku moja. Kwa sababu ya vumbi, kila anayeingia alivua viatu mlangoni, awe mkulima au bwana mkubwa. Katambuga zangu za tairi zilikaa pale kando ya buti za Bonifasi, karani wa takwimu. Yeye alitoka milimani Mbulu, alikuwa na miaka ishirini na sita, mke, na mtoto mmoja aliyeanza kutembea, ambaye ndiye huyo Neema. Alikuwa mrefu na mpole. Kiswahili chake kilibeba lafudhi ya Kiiraqw, na alikuwa na kawaida ya kusimama katikati ya sentensi akichagua neno, wewe umeshalijua, yeye bado analichagua. Mwanzoni tabia hiyo iliniudhi sana. Miezi michache baadaye niligundua kwamba neno alilokuja nalo daima lilikuwa bora kuliko lile nililotaka kumsaidia nalo.

Mchezo uliletwa na mtaalamu wetu wa kizungu, Anders, ambaye mji mzima ulimwita Bwana Andrea. Alipokuwa anarudi kwao alituachia diski kadhaa laini, na ndani yake ulikuwemo mchezo wa meli inayopita kati ya miamba. Haukuwa mchezo uliofungwa. Programu nzima ilikuwa imeandikwa kwa maneno na namba ambazo mtu yeyote angeweza kuzisoma, sehemu baada ya sehemu, na mwanzoni kulikuwa na barua ya Kiingereza ya hao walioitunga. Bonifasi aliniomba nimsomee. Nikamwambia wanasema chukua, badilisha upendavyo, mpe mwenzako, usiuze.

"Hata kubadilisha?" aliuliza.

"Ndivyo walivyoandika."

"Bila... kibali?"

"Bila kibali, kaka Boni."

Alicheka hadi akashika meza. Lazima uwe umeishi miaka ile kuelewa kicheko hicho. Dizeli ilikuwa ya kibali, saruji ya kibali, bati la kibali, kusafirisha gunia la mahindi kibali. Gari likionekana barabarani Jumapili alasiri dereva aliulizwa kibali. Na hapa, kutoka kwa watu tusiowajua, kitu kizima kilikuja kimefunguliwa mpaka ndani, na sharti lake pekee ni kwamba usikikalie wala kukiuza. Bonifasi aliichukua barua ile kama agizo. Akaanza kuigeuza meli kuwa mtumbwi, bahari kuwa Ziwa Babati, na miamba kuwa viboko, maana viboko tulikuwa nao wa kweli, wanakula bustani za watu na kulala majini mchana kama wenye mji. Mchezaji alitakiwa kuvuka kutoka ng'ambo mpaka Nangara bila kupinduliwa. Lakini mwamba haujongei, na kiboko hujongea. Kumfanya kiboko azame hapa na kuibukia pale, bila mchezaji kujua ni wapi, kulimchukua Bonifasi miezi mitatu, na katika miezi hiyo niliona mtu aliyefurahi kazini kwa namna ambayo sijaiona tena.

Tatizo lilikuwa kukompaili, kama tulivyosema wenyewe. Mashine haichezi maneno ya binadamu. Kila unapobadilisha hata namba moja, lazima ile programu iitwayo kompaila iyatafsiri maneno yote upya katika lugha ya mashine, sehemu moja moja, kisha iziunganishe ziwe mchezo mmoja. Sehemu zilikuwa kumi na moja, zimetawanyika kwenye diski nne. Uliingiza diski, ukaandika amri, ukangoja, ukatoa, ukaingiza nyingine, kwa mpangilio usiobadilika, kama makande, mahindi yatangulie na maharage yafuate. Ukikosea amri moja, unaanza upya. Na jenereta letu lilipewa dizeli ya saa mbili tu kwa siku, ambazo ndani yake tulitakiwa kwanza kumaliza kazi ya mradi. Mara nyingi Bonifasi alikuwa amebakiza amri mbili au tatu, taa ikafifia, na kioo kikawa cheusi. Hakutukana. Alivaa buti zake, akaenda zake Singe kulima.

Halafu ikaja habari kwamba mgeni kutoka makao makuu ya mradi atafika Ijumaa, na kwamba anatafuta mtu mmoja wa Babati wa kupelekwa Dar es Salaam kusomea kompyuta miaka miwili. Nafasi ilikuwa moja. Kila mtu ofisini, kuanzia bwana mipango hadi mlinzi, alijua ni ya nani. Mimi sikuifikiria kabisa. Nilikuwa mpiga chapa. Bonifasi alitaka kumwonyesha mgeni mchezo ukijengwa mbele ya macho yake, bila kubahatisha, na alikuwa amesoma katika kitabu cha maelekezo kwamba inawezekana kuandika amri zote katika faili moja dogo, ukaliita jina mara moja tu, na mashine ikazifuata yenyewe moja baada ya nyingine, ikikuomba diski inapoihitaji. Jumatano alinipa orodha ya amri, diski zake nne, na ya tano alimokuwa amehifadhi mtumbwi, ziwa na viboko wake wapya.

"Dada Vero, wewe mikono yako haikosei," alisema. "Mimi nakwenda Arusha kufuata dizeli. Niandikie."

Hapo ndipo masjala iliponiponza. Chuoni nilifundishwa, na kazini nilikaza, kwamba ndani ya jalada karatasi mpya hukaa juu. Ukilifungua unakutana na barua ya leo, na ya zamani iko chini kabisa. Ni desturi ya kila ofisi ya nchi hii, na mikono yangu iliifanya bila kuniuliza. Nikapanga diski za Bonifasi hivyo hivyo: mpya juu, za zamani chini, na katika faili langu nikaiamuru mashine ichukue kwanza diski ya juu, kisha inayofuata, mpaka ya mwisho. Sikujua, au nilijua na sikufikiri, kwamba kompyuta si jalada. Vitu viwili vikiwa na jina moja, kinachokuja nyuma hukifuta kilichotangulia. Miamba ilikuja nyuma ya viboko ikawafuta. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa usafi, mwishoni niliweka amri ya kwangu ambayo hakuna aliyeniomba: nakala safi ya kila kitu irudishwe kwenye ile diski mpya, ili kazi yote ikae mahali pamoja.

Alhamisi asubuhi niliita jina la faili. Mashine ikaunguruma, ikaniomba diski ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano, kisha ile ya kwanza tena, mimi nikiitii kama mtumishi wa harusi, na amri zote zikapita bila kosa hata moja. Nilipiga makofi peke yangu chumbani. Kisha mchezo ukafunguka, na kwenye kioo ilikuwapo meli, na miamba. Nilitoa diski ya Bonifasi, nikairudisha, nikatazama, nikaitoa na kuirudisha tena. Miezi mitatu haikuwemo. Jenereta lilipozimwa nilikuwa bado nimekaa pale bila viatu, na miguu ilikuwa ya baridi, ndiyo ninayoikumbuka zaidi.

Bonifasi alirudi jioni ile juu ya lori, pembeni ya pipa zima la dizeli, mweupe wa vumbi mpaka kope, akanipungia mkono kwa furaha. Sikumwambia. Nilimwambia Ijumaa asubuhi mlangoni, akiwa anavua buti, kwa sababu niliona akiingia na kukaa mwenyewe mbele ya kile kioo nitakuwa sina uso tena. "Kaka Boni, viboko wako nimewafuta. Nilipanga diski kimasjala." Alibaki ameshika buti moja. Aliniuliza kama hata nakala hakuna, nikasema hakuna. Akatoka na mguu mmoja mtupu mpaka kwenye jenereta, akasimama ameupa mgongo mlango. Nilisubiri anitukane, ningelipokea tusi lolote. Aliporudi alikuwa na daftari la shule alilotoa kwenye mkoba. Humo alikuwa ameandika kwa mkono kazi ya miezi ya mwanzo, kabla hajazoea kutunga moja kwa moja kwenye mashine.

"Chapa," alisema. "Mimi nasoma."

Alisoma, nikachapa. Sijawahi kuchapa vile kabla wala baada ya hapo. Mtumbwi ukarudi, ziwa likarudi, viboko wenyewe wakarudi na masikio yao madogo. Lakini daftari liliishia hapo. Jinsi ya kuwatembeza hakuwa ameiandika popote ila kwenye ile diski, na gari la mgeni lilikuwa limeshaingia uani. Nikapanga faili langu upya, diski za zamani zitangulie na mpya ifuate. Kabla mlango haujafunguliwa Bonifasi aliniambia kwa sauti ya chini, "Hili la jana libaki humu. Si kila kitu kinaingia... jaladani."

Mgeni alikuwa mzee wa suti, mwenye sauti ya mikutano, na alipovua viatu soksi yake ilikuwa na tundu ambalo kidole gumba kilituchungulia muda wote. Nilikitazama kidole hicho ili nisimtazame Bonifasi. Faili likaitwa. Mashine ikajenga mchezo yenyewe kutoka mwanzo hadi mwisho, na mzee akavuka Ziwa Babati mara tatu bila taabu, maana viboko walikuwa wamesimama tu.

"Mbona hawa viboko hawatembei?" aliuliza.

"Sehemu hiyo haijakamilika, mzee," alisema Bonifasi.

"Wamechoka na foleni," akasema mzee, na watu wote chumbani wakacheka. Kisha akaacha kucheka, akaomba tuite tena lile faili. Akatazama mashine inavyojiendesha, akataka kujua kama hesabu za mradi nazo zingeweza kupangwa hivyo, ili karani wa kijiji aandike neno moja tu. Akauliza, "Hii kaandika nani?"

Bonifasi hakusimama katikati ya sentensi safari hii. "Dada Veronika, mzee. Peke yake."

Mzee akanigeukia. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Sentensi nilikuwa nayo, fupi, imeshapangwa: viboko walikuwa wanatembea mpaka jana, mimi ndiye niliyewafuta. Nilifungua mdomo nikasema, "Ndiyo, mzee." Baada ya wiki chache barua ilikuja, ikapita mikononi mwangu masjala kama barua nyingine zote, na jina lililokuwemo lilikuwa langu. Bonifasi alinibebea sanduku hadi kwenye basi. Mke wake alinitilia karanga za kukaanga kwenye karatasi.

Nimeishi kwa kompyuta maisha yangu yote. Zimenilisha, zimenijengea nyumba hii, zimenipeleka nchi ambazo Mama Safari asingeamini zipo. Nilipopata likizo ya kwanza na kurudi Babati, mashine zote mbili zilikuwa zimehamishiwa Arusha, na Bonifasi alikuwa anahesabu mahindi kwa penseli. Aliniuliza maswali mengi kuhusu chuo, mazuri kuliko ya walimu wangu. Hatukutaja ile Alhamisi. Kila mara nilijiambia tutaitaja tukizeeka, tukiwa tumekaa vizuri. Tukazeeka, tukakaa vizuri mara nyingi, na sikuitaja.

Singe, siku ya mazishi, shamba lilikuwa la alizeti iliyoinamisha vichwa. Tulipotoka kaburini Neema alisimama akatangaza kwamba baada ya chakula shangazi Veronika atatusimulia ya viboko, na watu wakapiga makofi, hata pale msibani. Nilikwenda jikoni kumtafuta mama yao. Mama Neema alikuwa ameketi kwenye kigoda, wanawake wawili wamemshika mabega; niliomba tubaki wawili.

"Mama Neema," nilisema, "ile hadithi. Yeye alikuwa anawaambia nini?"

"Kwamba dizeli iliisha," alisema. "Viboko walikuwa tayari wanataka kutembea, dizeli ikaisha. Wewe si ulikuwepo?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, masjala, diski, ile "ndiyo, mzee" yangu. Alinisikiliza akinitazama mikono. Nilipomaliza nilidhani ataniomba niondoke.

"Miaka yote hii," alisema. "Hata mimi. Akiwa ndani ya blanketi langu, ananiambia dizeli." Akacheka kidogo, kisha akalia sana, nikalia naye. Alipojifuta kwa upande wa kanga alinishika kiwiko. "Leo usiwaambie, dada Vero. Leo waache wacheke na baba yao. Utatafuta siku nyingine."

Nikatoka, nikasimama mbele ya watu, na nikaihadithia kama alivyoihadithia yeye. Nilipofika kwenye dizeli walicheka mpaka wazee wakakohoa, na Neema akavua miwani kufuta macho. Niliketi nikapewa sahani ya wali, nikampa mtoto aliyekaa karibu nami.

Siku nyingine ndiyo hii. Neema, dizeli haikuisha. Viboko wa baba yako walikuwa wanatembea vizuri kabisa, niliwafuta mimi, na miaka yangu miwili ya Dar es Salaam ilikuwa yake.